Walinzi watatu wanaondoka: usianze na majina

Kocha, nimekuelewa: chuo chenu kiko Divisheni ya Pili ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, walinzi watatu wa timu ya kikapu ya wanaume wanahitimu kwa mpigo, na bosi wako anataka majina ya wachezaji wapya haraka. Chora kwanza jedwali la kikosi: nani anabaki, ana misimu mingapi, anachukua ufadhili kiasi gani. Kikomo chenu ni ufadhili kamili 10, lakini unaweza kuugawa kwa wachezaji zaidi. Hapo ndipo vyuo vidogo hupata ujanja: nusu ya ufadhili wa michezo, ukiongeza msaada wa kitaaluma, humvuta kijana mwenye alama nzuri.

Mimi ningechukua mmoja kutoka mfumo wa uhamisho (orodha ya NCAA ya wachezaji wanaotaka kubadili chuo), mmoja kutoka chuo cha miaka miwili, na mmoja wa sekondari kutoka eneo lenu. Ukijaza wachezaji wa uhamisho watupu, mwakani utarudi palepale, ukitafuta walinzi tena.

Video za mbwembwe zisikudanganye, kila mtu anadanki humo. Omba mechi nzima, uangalie akipoteza mpira anafanya nini: anarudi kukaba au anamlalamikia refa? Halafu mpigie kocha wake wa sekondari, na kocha wa timu pinzani pia. Huyo wa pili ndiye husema ukweli.

Tahadhari: usimtafute mchezaji wa chuo kingine cha NCAA kabla jina lake halijaingia kwenye mfumo wa uhamisho, hata kwa meseji. Na kwa yule wa sekondari, usiahidi hela kabla ofisa wa kanuni wa chuo hajahakikisha ana masomo 16 ya msingi ya sekondari yanayotakiwa na NCAA, kwa wastani wa alama usiopungua 2.2.