Mikono Miwili ya Kushoto: Miwani ya Uhalisia Pepe na Akili Iliyochoka kwa Sonona

Mteja aliniletea kitambaa cha suti ya harusi, nikamkatia koti lenye mikono miwili ya kushoto. Mimi, mwenye miaka 19 kwenye cherehani hapa Majengo, Dodoma. Nilikitazama kile kitambaa mezani, nikajua kuna kosa, ila nilishindwa kuliona liko wapi. Mke wangu ndiye aliyeninyooshea kidole.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne ya dawa za sonona. Usingizi ulikuwa umerudi, chakula kinapita, na ile hali ya kugeukia ukuta mchana kutwa ilikuwa imeniachia. Nikajihesabu mzima.

Tukitaja sonona tunafikiria huzuni, machozi na kujitenga. Kumbe kushindwa kumakinika na kushindwa kuamua nako kumo katika zile dalili tisa ambazo madaktari huzitumia kuutambua ugonjwa huu, na kwa wengi hilo ndilo linalochelewa kuondoka huzuni ikishapungua. Mteja anakutajia kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukigeuka kuchukua kalamu, namba zimeshapotea. Unafika dukani kwa Mangi na kusimama kama mtu asiyejua ametumwa nini. Majirani wakasema nimekuwa mvivu. Nami nilikuwa najiambia hivyohivyo.

Kabla sijafika kwenye miwani, niseme hili kwa anayeanza kujihisi hivyo: nenda kliniki kwanza. Najua ugumu wake. Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko hapa kwetu, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akisahau funguo tu, "huyu wa Mirembe." Mzaha huo ulinichelewesha karibu mwaka mzima, nikiogopa nani ataniona. Na kama unapata mawazo ya kujiua, achana na makala hii, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo.

Sasa miwani. Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni. Likizo moja alikuja na miwani ya uhalisia pepe aliyoiazima kwa mwenzake, kubwa, inafunika nusu ya uso kama ya wachomelea mageti. Ndani kuna kioo cha picha na lenzi mbili, pamoja na vihisi vinavyofuata kichwa chako: ukigeuka kushoto, unaona kilicho kushoto. Alikuwa ametengeneza soko humo ndani. "Mjomba, hebu vaa," akaniambia. Unasomewa orodha, nyanya, chumvi, dagaa, halafu sauti inanyamaza. Unapita meza kwa meza kuvikusanya huku wauzaji wakikuita. Ukipatia mara mbili mfululizo, orodha inaongezeka kitu kimoja. Ukikosea mara mbili, kinapungua.

Siku ya kwanza vitu vitatu vilinishinda. Sitanii.

Utaniuliza kwa nini nisitumie gemu za simu. Nilizijaribu. Vidole vilibofya vigae vya rangi huku kichwa kikirudi kwenye madeni na maneno niliyoambiwa msibani miaka sita iliyopita. Mwenye sonona hutafuna mawazo yaleyale tangu alfajiri, na simu inamwachia nafasi ya kuendelea kutafuna. Ndani ya miwani chumba chenyewe kimetoweka. Shingo inageuka, mkono unanyooshwa, macho yanatafuta, na kwa dakika 15 akili inashika kitu kimoja. Tena zoezi linafanana na kazi ya kila siku. Ndiyo maana hata watafiti wa nje wametengeneza maduka ya namna hii kupima kumbukumbu na mipango ya wagonjwa, badala ya kutegemea orodha za maneno kwenye karatasi peke yake.

Tulifanya siku tatu kwa wiki, wiki nane, na daktari wangu alijua. Makosa yetu ya mwanzo yakufae. Nilianza nikiwa nimesimama, na dakika ya kumi nikatapika mlangoni. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema hujasogea, tumbo ndilo linalolipa. Keti kwenye kiti kisicho na magurudumu, anza na dakika tano. Mpwa wangu naye alibadilisha mwendo: badala ya kuteleza sokoni, unanyooshea kidole unapotaka kwenda na unajikuta uko hapo. Kichefuchefu kikaisha. Mwenye kifafa asiivae kabla ya kumuuliza daktari. Na kwa jua letu la Dodoma, usiiache lenzi zikiangalia dirishani. Zinakusanya mwanga na kukiunguza kioo cha ndani. Ni kosa la dakika chache na hakuna fundi wa kulirekebisha. Mwezi wa Oktoba tulifanya asubuhi kabla bati halijashika moto, maana jasho lilikuwa likifunika lenzi kwa ukungu.

Wiki ya tano nilikuwa nabeba vitu vinane. Nikatamba. Jioni ileile mke wangu akanituma chumvi na viberiti, nikarudi na sabuni.

Hapo ndipo panapowaponza watu wengi. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Waliimarika katika mazoezi yale waliyoyafanya, lakini uhodari huo haukuvuka kwenda kwenye majaribio mengine, hata yaliyofanana nayo. Na mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayouza gemu za Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya huko kusema matangazo yake yameahidi kuliko ilivyoweza kuthibitisha. Waliopimwa wakati ule hawakuwa wagonjwa wa sonona, na gemu zao hazikuwa za miwani. Bado mimi niliposimuliwa hayo niliacha kuangalia alama za kwenye kioo.

Mwanasaikolojia wa kliniki akanishauri niunganishe zoezi na kazi. Basi kila nilipoivua miwani, nilipumzika kidogo mpaka kichwa kitulie, nikatembea hadi soko la Majengo, lile la vumbi na kelele, nikiwa na vitu vinne kichwani bila karatasi. Nikirudi, nampima mwanangu wa kwanza, nahesabu vifungo ishirini ndani ya kopo, ndipo naandika vipimo. Humo kwenye miwani nilikuwa nimegundua kwamba nakumbuka vizuri nikikipachika kitu mahali: dagaa mlangoni, chumvi chini ya mwamvuli mwekundu. Nikaihamishia mbinu hiyo kwenye mwili. Mteja akisema kifua inchi 42, nagusa kifua changu na kutamka 42. Kiuno 36, nagusa kiuno. Wateja wengine hudhani naomba dua.

Likizo ilipoisha miwani ilirudi kwa mwenyewe, na bei yake dukani inatosha cherehani nzuri. Sikuhuzunika sana. Nimehamia kwenye bao, kijiweni nyuma ya mashine ya kusaga. Mashimo 32, kete 64, na kabla hujagusa kete lazima uione mwisho wa safari yake kichwani. Ugumu haujirekebishi wenyewe kama kule kwenye miwani, unabadilisha mpinzani. Nilianza kwa kufungwa na mjukuu wa mzee mmoja pale. Sasa nafungwa na mzee mwenyewe. Dawa naendelea nazo, na tarehe ya kuzipunguza ataitoa daktari.

Kitu nilichobakiza kutoka siku zile ni daftari la mtoto wa shule ambalo jioni naandika nilichosahau. Mwanzoni ukurasa mmoja haukutosha wiki. Wiki iliyopita nina mistari miwili: Jumanne nilisahau kununua uzi mweusi, na Ijumaa nilimwita mteja kwa jina la mdogo wake. Mteja wa suti ya harusi amerudi pia, ameleta kitambaa cha mwanawe. Alisimama mezani mpaka nikamaliza kukata mikono yote miwili.