Kabla ya Kuuliza Bei ya Haibridi, Niambie Unaendesha Wapi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza kuhusu sedani za haibridi, yaani zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa. Naanza na ya mwalimu, kwa sababu ameeleza hali yake vizuri na majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Sedani yangu ya petroli imechoka, nataka kuibadilisha. Nimeonyeshwa sedani ya haibridi iliyotumika miaka minane. Ni safi kwa macho, ila bei yake inazidi ya gari la petroli la umri huohuo. Shemeji yangu anasema betri ikifa ni sawa na kununua gari jingine. Mwenzangu kazini anayo, anasema lake linanusa mafuta tu, halinywi. Asubuhi na jioni niko kwenye foleni, na mwisho wa mwezi nasafiri mbali kuwaona wazazi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Mimi nimeishika zaidi sentensi uliyoipitia haraka: kwamba asubuhi na jioni uko kwenye foleni. Uamuzi wako umelala hapo.

Gari la petroli likiwa kwenye foleni linachoma mafuta bila kwenda popote. Unasogea kidogo, unakanyaga breki, na nguvu uliyoilipia kituo cha mafuta inageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Kwenye haibridi, ukisimama injini inazima yenyewe, na unaposogea polepole mota ya umeme ndiyo inayokubeba. Ukikanyaga breki, mota ileile inakuwa jenereta: inalipunguza gari mwendo na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana pedi za breki za magari haya hudumu sana, maana mota inazipunguzia kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Injini ya petroli iliyomo kwenye haibridi nyingi imetengenezwa tofauti. Inafuata mzunguko wa Atkinson: vali za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, hivyo injini inachoma mchanganyiko wa hewa na mafuta ulio mdogo kuliko kawaida, lakini inaukamua nguvu mpaka mwisho. Peke yake injini hiyo ingekuwa nzito kuondoka. Mota ndiyo inayoibeba pale mwanzoni, kisha injini inaachiwa kazi inayoiweza vizuri. Nguvu za viwili hivyo huunganishwa kwa namna mbalimbali. Toyota wanatumia seti ya gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati), Hyundai kwenye Sonata waliweka klachi na gia boksi ya kawaida, na mimi kama fundi napenda zaidi ile ya gia za sayari kwa sababu haina klachi ya kuisha wala mkanda wa kukatika.

Tuje kwenye namba. Chukua gari moja lililouzwa kwa matoleo yote mawili, Toyota Camry ya 2023. Kwa vipimo rasmi vya serikali ya Marekani, nikivigeuza kuwa lita, Camry ya petroli ya silinda nne inakunywa kama lita 8.4 kwa kilomita 100 za mjini, na lita 6 barabara kuu. Haibridi yake ya toleo la LE inakunywa lita 4.6 mjini na 4.4 barabara kuu. Sasa toa. Mjini unabakiza lita 3.8 kila kilomita 100, barabara kuu unabakiza 1.6 tu. Mtu anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, zote za mjini, anabakiza lita 570. Mwenye kilomita hizohizo za barabara kuu anabakiza 240. Gari ni lilelile na mwaka ni uleule, lakini faida ya mmoja inazidi mara mbili ya mwenzake.

Kwa hiyo nakuomba uanze hesabu kwa lita, fedha zije baadaye, kwa sababu bei ya mafuta inapanda na kushuka lakini lita hazidanganyi. Andika kilomita zako za foleni kwa mwaka, kisha za safari ya wazazi, kila fungu peke yake. Tafuta vipimo vya gari hilo unalolitaka na vya mwenzake wa petroli, ujue unabakiza lita ngapi, halafu uzidishe kwa bei ya leo unapojaza. Kisha chukua lile ongezeko la bei wanalokutaka na uligawe kwa hicho unachobakiza kwa mwaka. Utapata idadi ya miaka. Kwa gari ambalo tayari lina miaka minane, mimi nataka ongezeko hilo lirudi ndani ya miaka mitatu. Likihitaji sita, achana nalo.

Sasa hiyo betri ya shemeji. Hofu yake ina msingi, lakini watu wanaiongeza chumvi kwa sababu hawajui betri hiyo inavyotumika. Kompyuta ya gari haiiachi ijae hadi juu wala iishe hadi chini, inaizungusha katikati tu, na betri inayotumika hivyo inaishi muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Pia si dude moja. Kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili, ile ya kuanzia 2003, ni vipande 28 vilivyopangwa safu, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6.

Kinachoziua ni joto. Kwenye magari mengi ya haibridi betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lenye wavu pembeni mwa kiti cha nyuma. Wenye magari hawalijui. Wanaliegemeza begi, wanalifunika kwa koti au kava la kiti. Gari lililobebea mbwa ndilo baya zaidi: nikiifungua feni yake, mapanga yote yamevaa vumbi lililochanganyika na manyoya, la kijivu, limeshikana kiasi kwamba ukilinyanyua kwa ukucha linabanduka zima kama kipande cha blanketi. Hapo hewa haipiti. Vipande vya katikati ya safu huchoka kwanza, kwa kuwa vimebanwa na wenzao kushoto na kulia na joto lao halina pa kutokea. Usafi wa feni hiyo ni kazi ndogo sana, na inaniuma kila ninapoona betri nzima imekufa kwa kukosa brashi.

Vipande vikianza kufa utakutana na mafundi wa aina mbili. Mmoja atakubadilishia kipande kimoja kilichokufa, kwa gharama ndogo. Mwingine atakutaka ubadilishe betri nzima. Ukiweka kipande chenye nguvu katikati ya wenzake waliozeeka, havilingani, na baada ya muda kinafuata kingine, kisha kingine. Kwa mtu anayetaka kuliuza gari, njia ya kwanza inamvusha. Kwako wewe unayetaka gari la kukaa nalo, nenda na betri nzima, na ulizia yenye dhamana ya maandishi.

Dhamana yenyewe iangalie kwa makini. Marekani, Toyota walikuwa wakiidhamini betri ya haibridi miaka 8 au maili 100,000, na kwa magari ya kuanzia modeli ya 2020 wakapandisha hadi miaka 10 au maili 150,000. Maili 150,000 ni kama kilomita 240,000. Mtengenezaji hawezi kujifunga hivyo kwa kitu anachojua kitamfia mapema. Lakini dhamana ni ya soko lilipouzwa gari, na hilo lako la miaka minane huenda limeshatoka nje ya dhamana au linachungulia mlangoni. Uliza kwa namba ya chesisi, usichukue neno la mdomo la muuzaji.

Ukienda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Nataka injini iwe baridi kabisa. Weka mkono juu ya boneti kwanza, ukikuta joto rudi siku nyingine. Liwashe, subiri injini iingie. Ikitetemeka kwa nguvu sekunde za mwanzo kana kwamba silinda moja haipigi, na maji ya rejeta yako chini ya alama, gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Hapo shukuru, toka. Ikiwaka vizuri, tafuta chombo kidogo cha maji ya kupoza inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri uifae mota), kilicho tofauti na kile cha injini. Kwenye magari mengi ukikifungua wakati gari limewashwa na bado ni baridi utayaona maji yanacheza. Yakitulia kabisa, pampu ya inveta haifanyi kazi, na inveta ikipata joto kupita kiasi ni gharama inayoweza kushindana na ya betri.

Kisha liendeshe, nawe uangalie picha ya betri kwenye dashibodi. Betri yenye afya hupanda na kushuka taratibu. Ukiona imejaa, ukapanda kilima kifupi ikawa imekwisha, ukashuka ikajaa tena mara moja, imebakiwa na uwezo mdogo, hata kama hakuna taa iliyowaka. Mwisho mlipe fundi mwenye kompyuta inayosoma betri ya haibridi, asome volti za kila fungu la vipande vya betri huku gari likivuta mzigo. Akusomee wakati unakanyaga ekseleta, maana gari likiwa limesimama hata betri mbovu huonekana nzima. Mafungu yanapaswa kushuka pamoja. Likiwepo moja linalotumbukia peke yake, umeshajua la kuzungumza na muuzaji.

Usisahau buti. Kwenye sedani nyingi za zamani za haibridi betri imekaa nyuma ya kiti, buti limepungua na mara nyingi kiti hakilali vizuri. Camry ya kuanzia 2018 imeihamishia chini ya kiti cha nyuma. Kama unabeba mizigo ya wazazi, lijaze buti kwa macho kabla ya kulipa.

Kwa foleni ulizonieleza, mwalimu, mimi ningenunua haibridi. Hilo ulilolionyeshwa ningelinunua baada ya vipimo hivyo tu, na ningeanza kutenga akiba ya betri mwezi uleule ninaolichukua. Kama akiba hiyo haiwezekani kabisa kwa mshahara ulionao, chukua la petroli lililo zima ulale usingizi.

SWALI: Fundi, kazi yangu ni ya mauzo, natembea mikoani. Foleni naikuta mara chache, nyingi ni barabara kuu na mwendo ni mmoja. Kila mtu ananiambia haibridi. Wewe unasemaje?

JIBU: Rudi juu kwenye ile lita 1.6, ndugu yangu. Kwenye mwendo mmoja hukanyagi breki, kwa hiyo hakuna cha kurudisha kwenye betri, na injini ndiyo inayofanya kazi karibu yote. Unachopata ni ule ubora wa injini yenyewe. Wewe unakwenda kilomita nyingi, kwa hiyo hata lita 1.6 zinajikusanya, na kama bei za magari hayo mawili zinakaribiana chukua haibridi. Kama ongezeko ni kubwa, sedani ya petroli yenye injini ndogo itakutunza vizuri. Na kuna swali moja ambalo kwako ni zito kuliko kwa mwalimu: gari likikuwashia taa nyekundu mbali na nyumbani, utampata fundi anayejua nyaya za rangi ya chungwa? Zile zinabeba volti za kuua. Asiyejua kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri umeme ushuke kwenye inveta asiziguse kamwe, hata ukimsihi.

SWALI: Shikamoo. Haibridi yangu nililiacha wiki tatu nikiwa safarini. Nimerudi, haliwaki, dashibodi inapepesa tu. Jirani anayejua magari ameniambia betri kubwa imekufa na nijiandae. Nimekosa raha, naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba, dada, tulia kwanza. Kabla ya kuamini hivyo, kapime betri ndogo ya volti 12. Kwenye sedani nyingi za haibridi iko kwenye buti, upande, chini ya zulia. Gari lako huenda halina stata, betri kubwa ndiyo inayozungusha injini kupitia mota. Lakini betri kubwa imefungiwa na relei, yaani swichi za umeme, na relei hizo zinaamshwa na kompyuta, na kompyuta inakula umeme wa ile ndogo. Ikilala hiyo ndogo, gari zima linaonekana limekufa, dashibodi inapepesa hivyohivyo ulivyoeleza.

Likiwashwa kwa waya za kuazima umeme kutoka betri nyingine ya volti 12, kwa kufuata kitabu cha gari, na likakubali, basi umepona na gharama ndogo. Ukinunua betri mpya usikubali yoyote tu. Inayokaa ndani ya gari inatakiwa iwe ya aina inayopendekezwa na kitabu, iliyofungwa vizuri na yenye mrija wa kutolea hewa nje, ili gesi yake isiingie mnakokaa. Wala usikubali jirani alitumie gari lako kuwashia lori lake, maana umeme mwingi wa ghafla unaweza kuunguza vifaa ambavyo ni ghali kuliko hiyo betri.

Ukisafiri tena, mwachie mtu unayemwamini ufunguo, kila wiki aliwashe mpaka taa ya READY iwake na aliache hivyo nusu saa, likiwa mahali pa wazi penye hewa. Injini ikizima yenyewe katikati asishtuke, betri ndogo inaendelea kuchajiwa na ile kubwa.