Re: Fomu ya mwalimu na ya mama hazilingani

Waalaykum salaam dada. Umeuliza vipi mwanao wa miaka 8 hapo Wete apate alama kubwa kwenye fomu ya Vanderbilt ya mwalimu na ndogo kwenye yako. Fomu hizo ni za masuali ya kutafuta dalili za ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia. Usichane hata moja.

Kwanza rudia hesabu, maana hapa ndipo wengi huteleza kwa kujumlisha. Suali la 1 hadi la 9 ni umakini, la 10 hadi la 18 ni kutotulia na pupa. Hesabu masuali yaliyopata 2 (mara nyingi) au 3 (mara nyingi sana), basi. Yakifika 6 katika 9, kundi hilo limetimia. Mwenye 3 tano ana jumla ya 15 na hajafika. Mwenye 2 sita ana 12 tu na amefika. Halafu kuna sehemu ya mwisho, ya masomo na kuishi na wenzake: lazima ipatikane angalau 4 au 5 moja (alama za kuonyesha kuna tatizo). Hiyo wengi huiruka.

Sasa tofauti yenyewe. Dalili zinatakiwa zionekane sehemu mbili au zaidi, kwa miezi 6, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Zikiwa skuli peke yake, tazama kwanza skuli: anauona ubao? Masikio hayatoi usaha? Kuna anayemwonea?

Shahidi wa tatu unaye, naye ni maalim wa chuoni (madrasa). Msomee yale masuali 18, usimpe ajaze, na majibu yake usiyachanganye na hesabu. Fomu haikutungwa kwa ajili ya chuo. "Huondoka kwenye kiti" kwa mtoto anayekaa mkekani haina maana. Uliza: "Huinuka akazurura wenzake wamekaa?" Vivyo hivyo "hupoteza vitu": penseli moja ikitumiwa na ndugu watatu, nani kaipoteza? Kila jibu la 2 au 3 lifuatishe na "mara ya mwisho ilikuwa lini?" Asiyekumbuka hata moja huenda kajibu kwa hasira. Mtoto akishapewa jina la mtukutu, hupigiwa 3 mpaka mwisho wa karatasi. Na yule mpole anayeduwaa dirishani, hasa msichana, hupata 0 kwa sababu hamsumbui mtu.

Linganisha na wa rika lake, si na kaka yake. Ramadhani usijaze, usingizi umepinduka.

Fomu haimpi mtu ugonjwa. Mpelekee daktari zote mbili, zikiwa na tarehe. Juu pana suali kama mtoto alikuwa akitumia dawa wakati huo. Pasibaki wazi.