Chora Mshale Kutoka Kwenye Uso, Mdogo Wangu

Juzi msomaji mmoja wa Arua, mwanafunzi wa kidato cha sita, aliniandikia: "Kaka, meza haina misuli. Inasukumaje kitabu juu?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Jambo hilohilo liliwahi kunitia aibu.

Mwalimu alichora gunia kwenye mteremko, akanipa chaki. Mshale wa kuonyesha mteremko unavyolisukuma gunia nikauchora ukielekea mbinguni, kana kwamba gunia limelala sakafuni. Akasema, "Huyu ni wa kubeba magunia, si wa kuyapigia hesabu." Darasa zima likaangua kicheko. Hadi leo nakisikia.

Na magunia nikayabeba kweli! Likizo ile nilikuwa taniboi wa lori la matoke, Mbarara hadi Kampala. Usiku mmoja wa mvua, karibu na Lukaya, tairi likapasuka. Nikatega jeki kando ya lami, nikapiga, nikapiga. Lori halikuinuka, jeki ndiyo iliyozama topeni. Dereva, mzee asiyejua fizikia ya daftari, akachomoa kipande cha ubao, akakilaza chini ya jeki. Lori likapanda.

Kumbe uso wa kitu, uwe wa meza au wa ardhi, hurudisha msukumo kwa kubonyea. Godoro hubonyea mpaka likusukume sawa na uzito wako. Saruji nayo hubonyea, ila jicho halioni. Tope hushindwa upesi, labda uutandaze mzigo kwenye ubao.

Sasa ushauri: chora. Mshale wa uso husimama nyuzi 90 na uso wenyewe, hata uso ukiinama. Gunia la kilo 100 sakafuni husukumwa kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 1,000 hivi. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kama 866. Uzito haujapungua, ila sehemu yake sasa inalivuta gunia kuteremka, na msuguano ndio unaolizuia. Tena usiandike kwamba msukumo wa uso ni pacha wa uzito katika kanuni ya tatu ya Newton, ile isemayo kila msukumo au mvuto una pacha wake wa kinyume. Pacha wa uzito ni gunia kuivuta Dunia.

Vijana mnataka udaktari na uinjinia, lakini kuchora mnaona uvivu, mnakariri tu. Chora. Ukimaliza, chora tena. Mimi leo nafundisha fizikia, na yule mwalimu akitaka aje akae nyuma.

Wewe wa Arua, chukua rula ya plastiki, ilaze juu ya vikombe viwili, weka simu katikati. Itapinda kidogo, kisha itatulia. Misuli uliyoniuliza iko hapo. Nitumie picha.