Kifo cha wodini: kipi kiende polisi?

Mkuu, umesema semina mmefanya mbili na bado miili inateremshwa mochwari kimyakimya, sasa unauliza wauguzi wapya uwafundisheje kujua kifo cha kutolewa taarifa polisi. Nipo wodi ya majeruhi hapa Dar mwaka wa 11, nikujibu kwa niliyoyapitia.

Kijana wa bodaboda aligongwa na daladala Barabara ya Mandela, akavunjika paja, akaumia na kichwa. Alilala kwetu wiki tatu, mwisho akafa kwa nimonia. Daktari wa zamu akaandika "nimonia", mimi nikamfunga lebo kwenye kidole gumba, ndugu wakachukua mwili wao wakazika. Baada ya miezi kadhaa dada yake akaja na wakili: kesi ya trafiki imekwama, bima wanataka ripoti ya postmoteni, yaani uchunguzi wa maiti. Haipo. Tulichonacho ni karatasi inayosema nimonia. Nilishindwa kumtazama usoni yule dada.

Tangu hapo nafundisha swali moja: kilianza nini? Fomu ya sababu ya kifo yenyewe imepangwa hivyo. Mstari wa juu unaandika kilichommalizia, unashuka hadi kilichoanzisha. Huko chini ukikuta ajali, kipigo, moto, sumu au kitanzi, ita polisi hata kama mgonjwa amelala miezi. Na yule aliyekufa ghafla, hakuna anayejua kwa nini, naye ni wa polisi. "Moyo kusimama" kama sababu ya kifo wafute kabisa kichwani. Nani amewahi kufa moyo ukidunda?

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inamtaja korona (siyo ule ugonjwa, ni hakimu wa kuchunguza vifo). Wasibabaike naye. Kazi ya wodi ni kuwaambia polisi mapema, mengine yana wenyewe.

Slaidi achana nazo. Chukua faili la zamani, funika sababu ya kifo, wape walisome waamue. Faili moja, dakika 10, wakati wa kupokezana zamu, na wa usiku wasikose.

Halafu mikono. Tumezoea kumpendezesha marehemu: tunachomoa mipira, tunamfuta damu, nguo tunasokomeza kwenye mfuko wa nailoni. Kwa kifo cha kutolewa taarifa polisi acha kila kitu kilivyo, kanula (kile kimpira cha dripu) ibaki mshipani, mpira wa hewa ubaki kooni. Nguo zenye damu ziache zikauke, ziingie bahasha ya karatasi. Kwenye nailoni zinaota ukungu. Damu iliyochukuliwa siku ya kulazwa, kama maabara bado wanayo, waambie wasiimwage.

Kinachowashinda zaidi ni ndugu. Kaburi limeshachimbwa Kisutu, wanataka kuzika baada ya alasiri, binti wa miaka 23 awazuie vipi? Mpe maneno ya kusema: "Poleni sana baba. Mgonjwa wetu alianzia kwenye ajali, kwa hiyo polisi lazima wamwone kwanza ndipo tuwakabidhi. Hakuna anayetuhumiwa." Tunafanya igizo, mimi ndiye baba mdogo mwenye hasira. Mara ya kwanza karibu wote wananiachia mwili.

Na namba ya kituo cha polisi ibandikeni ukutani. Yetu ilikuwa kwenye simu ya sista kiongozi, naye usiku alikuwa anaizima.