Jibu: Siti ya ngozi inanata baada ya kupakwa mafuta

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: siti ya dereva ya rangi ya maziwa imegeuka kijivu na kung'aa, umeipaka mafuta ya ngozi mara kadhaa, sasa inanata. Acha mafuta kwanza.

Kabla ya chochote, dondosha tone la maji sehemu iliyojificha. Likibaki juu, ngozi ina tabaka la rangi, kama magari mengi, na mafuta hayapenyi. Yanakaa juu yakishika vumbi. Likinyonywa na kuacha doa, usifuate hatua hizi, mpe fundi wa ngozi.

Mimi hutumia sabuni laini ya ngozi na brashi ya nywele laini. Povu weka kwenye brashi, si kwenye siti, hasa kama ina vitundu, maana maji yakizama kwenye sponji iliyo ndani ya siti hukaa huko. Sugua taratibu kipande kidogo, futa kabla hakijakauka, rudia. Ule mng'ao ni jasho na uchafu. Ngozi safi haimeremeti. Jiki na dawa ya vioo yenye amonia usiziguse kabisa, zinakula rangi.

Nyufa, kama zipo, haziondoki kwa kusafisha.