Jibu: ruta 40 za Tabora–Kigoma na jirani wa BGP anayekatika kila dakika 3

Mkuu, umeuliza mawili: upangaje BGP ya ndani (itifaki ambayo kwayo ruta hupashana njia za intaneti) kwenye ruta 40 kutoka Tabora hadi Kigoma, na kwa nini jirani wa Kigoma (ruta inayoongea BGP na yako) anafika Established, yaani mazungumzo yamekamilika kufunguka, kisha anaanguka kila baada ya dakika 3. Naanza na la pili, maana ndilo linalowanyima wateja intaneti.

Dakika 3 zenyewe zinamtaja mkosaji. Sekunde 180 ndio muda wa kawaida ambao ruta ya Cisco humvumilia jirani aliye kimya. Pakiti za kufungua mazungumzo ni ndogo, zinapita. Njia zikianza kumiminwa, TCP inajaza pakiti hadi pomoni, na redio ya katikati isiyobeba ukubwa huo inazitupa bila kusema neno. TCP inazirudia zilezile, keepalive (pakiti za kusema "bado nipo") zinakwama foleni nyuma yake, Kigoma haisikii kitu, inakata kwa notifikesheni namba 4 (muda wa kumvumilia jirani umeisha). Kisha ngoma inaanza upya.

Piga pingi kutoka lupubeki (anwani ya ruta isiyotegemea kebo yoyote) hadi lupubeki huku umekataza pakiti kugawanywa. Kama interfesi zako zimewekwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 9000, halafu pingi ya 1472 inapita na ya 8972 inagoma, umeshampata mkosaji. Rekebisha MTU njia nzima, ukihesabu baiti 4 kwa kila lebo ya MPLS (alama ya kuelekeza pakiti) na 4 za VLAN (alama ya kutenganisha mitandao). Kushusha MSS ya BGP (ukubwa wa data katika kila pakiti yake ya TCP) pekee kutamwamsha jirani, ila pakiti kubwa za wateja zitaendelea kupotea, nawe utadhani umepona.

Sasa mpangilio. Kila ruta kuongea na kila ruta ni sesheni 780. Weka ruti riflekta (ruta zinazowasambazia wengine njia) mbili, ruta zilizobaki 38 ziunganishwe na zote mbili: jumla sesheni 77. Usiziweke zote Tabora kwa kuwa tu ndiyo njia panda. Greda likikata faiba upande wa Uvinza, ruta za Kigoma, Ujiji na Kasulu hazitapashana njia hata zenyewe kwa zenyewe. Moja ikae Tabora, nyingine Kigoma.

Sesheni za ndani zifunge kwenye lupubeki (update-source), na ruta za mpakani ziwe na next-hop-self (zijitaje zenyewe kuwa kituo kinachofuata). Ukiisahau, njia zitaonekana kwenye jedwali lakini hazitatumika. BFD (kigunduzi cha haraka cha kiungo kilichokatika) iweke kwenye OSPF (itifaki ya njia za ndani ya mtandao wako), si kwenye iBGP (BGP ya ndani): faiba ikikatika OSPF igeuze njia na BGP isijue lolote. Kwenye redio, BFD ya milisekunde 300 mara 3 (pakiti tatu zikikosekana, kiungo kimekufa) ni kujitafutia balaa masika. Anza na sekunde 1 mara 3.

Majirani wote wachukue sera kutoka peer-group (kundi lenye mipangilio mimoja), asiwepo jirani wa kuandikiwa yake kwa mkono. Mteja mwenye bloku 4 za anwani mpe maximum-prefix (kikomo cha njia anazotangaza) 10 na orodha ya bloku zake kamili, kwani mteja mwenye watoa huduma wawili ndiye atakayekumwagia njia za intaneti nzima siku moja. Njia za wateja zipe local-preference (kipaumbele; kubwa hushinda) 200 na alama ya komyuniti (lebo inayobandikwa kwenye njia). Kwenda kwa mtoa huduma wa juu ruhusu alama hiyo na bloku zako tu.

Ukitumia FRR (programu huria ya ruta) na ukaona "(Policy)" mahali pa idadi ya njia, usiguse kebo. Jirani huyo wa nje hajawekewa kichujio, na FRR haipokei wala kutoa njia bila hicho.